Kisamvu cha Generosa

Baba Fabiani,

Maharage yameiva, yako jikoni. Mbuzi wafungwe kabla ya mvua. ~~Kuku mchinjeni mle.~~ Kuku msimguse, ni wa kesho.

Nimekwenda Kasokola kumchukua Generosa na wanawe. Ulikuwepo asubuhi pale kanisani, akina mama tukiuza vyakula vya Krismasi kusaidia waliobomolewa nyumba na mvua. Generosa naye kaleta chungu cha kisamvu kiuzwe. Mwenyekiti wetu Paskalia akakisukuma pembeni: "Wewe ndiye tunayekusaidia, unaleta nini tena?" Mjane kaamka alfajiri kutwanga karanga ili naye atoe chake, nyie mnacheka! Na wewe, mzee wa kanisa mzima, ukacheka kuliko wote.

Nikaondoa maandazi yangu mezani. Paskalia akauliza nayapeleka wapi. Nikamjibu, "Kwa watu."

Generosa atakula Krismasi hapa kwetu, na chungu chake kitakaa katikati ya meza. Wewe ndiye utakayempakulia. Ukiona aibu, nenda kale kwa Paskalia, mkachekeshane.

Mkeo, kwa leo,
Mama Fabiani