Jina Lililosomwa Madhabahuni

Garanhuns, 9 Agosti 2022

Dada Zuleide,

Bwana asifiwe. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na jiko lako. Huku baridi inatutafuna, Mama magoti yanamsumbua ila anakula. Erivan anaendeleaje? Tunamwombea kila Jumatano.

Simu umenifungia, ndiyo maana naandika. Jana polisi wameniletea wito kanisani. Eti nimechochea chuki dhidi ya mashoga, lile kosa ambalo mahakama kuu imeliweka fungu moja na ubaguzi wa rangi. Mimi mchungaji, kama mhuni! Nilihubiri lililoandikwa. Wale vijana wawili waliompiga mwanao sikuwatuma mimi. Dada, nenda ukaifute kesi. Mama analia.

Mdogo wako,
Josenildo


Osasco, 20 Agosti 2022

Josenildo,

Salamu zimefika. Mimi mzima. Erivan nimemleta huku kwangu, ana mbavu tatu zilizovunjika na taya limefungwa waya, anakunywa supu kwa mrija. Sasa umejua, acha kuuliza kana kwamba ana mafua.

Kesi haifutiki. Mwendesha mashtaka kaniambia kesi hiyo si yangu tena, ni ya dola. Na hata ningeweza, nisingeifuta.

Nisikilize vizuri. Sikukushtaki kwa Biblia. Hubiri utakavyo juu ya wanaume wanaopendana. Nimekaa kwenye mabenchi yako, nimesikia, nikaenda zangu kupika. Hiyo haki unayo, hata mwendesha mashtaka hakukunyima. Mimi nina neno moja. Mama alikupa jina la mjukuu wake aombewe, kama anavyokupa la jirani mwenye kisukari. Wewe ukalisoma kwenye kipaza sauti, ukataja na mtaa aliokuwa akikaa huko Garanhuns, ukaongeza: "Kanisa, uchafu huu utaondoka wenyewe, au mpaka tuusukume?" Wakaitikia, "Tuusukume!" Siku ya tatu wakamsukuma.

Sema hivyo mbele ya jaji, ulivyosema. Ukifungwa nitakuletea chakula mwenyewe. Napikia watu mia mbili kila siku, mmoja hanishindi.

Dada yako,
Zuleide


Garanhuns, 2 Oktoba 2022

Dada yangu mpenzi,

Amani ya Bwana. Sote wazima, ila mimi silali.

Nilimaanisha kusukuma kwa maombi. Kiroho! Utaniambia wale vijana hawakuelewa hivyo. Basi, kosa ni lao.

Wakili anasema hakuna aliyerekodi. Waumini sitini na wawili watasema hawakusikia jina lolote. "Mchungaji, wewe nyamaza tu," wananiambia, "kanisa litasema." Nikikiri jina, ni kifungo, na kanisa litakufa. Unalijua kanisa hili, nimelibeba tofali kwa tofali, wewe mwenyewe ulilipia bati.

Kilichobaki ni Mama. Wakili anataka aseme hakunipa jina. Kwa umri wake, hata jaji hatashangaa akisema amesahau. Mwandikie, wewe anakusikiliza.

Mdogo wako,
Josenildo


Osasco, 11 Oktoba 2022

Josenildo,

Hatujambo. Unataka nimfundishe Mama uongo, uzeeni, dhidi ya mwanangu. Hapana. Na hilo la bati usinikumbushe tena.

Dada yako,
Zuleide


Garanhuns, 14 Machi 2023

Dada,

Najua ni miezi mitano. Mko wazima?

Nimeachiwa. Labda umeshasikia.

Wakili alimuuliza Mama, "Bibi, kumbukumbu bado ziko sawa?" Mama akamjibu, "Mwanangu, nimezaa tisa nikazika wanne. Chagua yeyote, nikutajie na siku." Hata jaji alicheka. Halafu Mama akasema, "Jina nililitoa mimi, nikitaka aombewe. Huyu hapa akalisoma." Akaninyooshea kidole. Sikumtazama.

Jaji alisema mmoja kwa sitini na wawili, shaka ipo, na shaka ni ya mshtakiwa. Aliniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema sina.

Kanisa liliimba mpaka barabarani. Jumapili Mama alikuja kama kawaida na benchi lote likahama. Dada mmoja wa kanisa akasema, "Kumbe Yuda anavaa sketi." Nilikuwa madhabahuni, nilisikia. Nikaanzisha wimbo.

Hawezi kukaa hapa. Jana nimempandisha basi la kwenu, nimemfungia kuskusi ya mahindi na jibini ya njiani. Dereva nimempa namba yako akupigie, ukampokee.

Mdogo wako,
Josenildo


Osasco, 19 Machi 2023

Josenildo,

Mama amefika, miguu imevimba, kuskusi hakuigusa. Salamu hakunipa za mtu.

Waya Erivan ametolewa, anatafuna. Sikio la kushoto ndilo limekufa. Daktari kasema halirudi. Mama nilimweleza pale pale kituoni, asije akashtuka.

Alipoingia hakuvua hata kitambaa. Alikwenda moja kwa moja alipokaa Erivan, akainama upande wa kushoto, akaanza kumnong'oneza. Alisema maneno mengi, mpaka chai ikapoa. Erivan alimshika mkono.

Nikamwambia, "Mama, hamia upande wa pili, huko hasikii."

Akasema, "Najua, mwanangu. Huku ndiko ninakoweza kuyasema."

Mama yake Erivan