Mgeni wa Hoteli

Jumapili, 12 Januari
Siku ya pili Maskati. Salma kaondoka saa moja na gari la chuo, kwenda Al Khoudh kufundisha wauguzi. Mimi nimebaki na chai, mayai na kazi ya kuwa mume wa mtu. Nimetembea Matrah. Mwalimu wa jiografia miaka ishirini na mbili, nimepotea sokoni mara tatu.
Shangazi Zuwena anakaa Bustan, teksi ya robo saa. Hajui kama nimekuja.

Jumatatu, 13 Januari
Nimepotea mara mbili tu. Maendeleo.
Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma. Shangazi ndiye aliyenilea. Mumewe alipofariki mwaka juzi, sikupiga simu kumpa pole. Wiki ya kwanza shughuli. Ya pili aibu. Kisha aibu ikazaa aibu. Sasa nalala hoteli katika mji wenye nyumba yake. Kwetu hilo ni tusi.
Salma: "Mwoga we. Nenda!"
Nimesema Ijumaa.

Jumanne, 14 Januari
Mjinga mimi. Muuza halwa kanisikia lafudhi, kaniuliza, "Wewe wa nani Unguja?" Ukiulizwa hivyo ugenini unalewa. Nikamtajia baba, babu, mpaka mtaa.
"Kumbe Bi Zuwena shangazi yako! Umefikia kwake?"
Nikasema hoteli. Tabasamu likamfutika usoni. Kanifungia halwa.

Jumatano, 15 Januari
Simu nne kwa Shangazi. Inaita, haipokelewi. Binti yake, Asha, kaniandikia: habari zilifika jana kabla ya adhuhuri. "Mama kasema mgeni wa hoteli akamwamkie meneja wake."
Salma kacheka. Kaniona uso, kaacha.
Nina miaka hamsini na moja. Naogopa kufungiwa mlango.

Alhamisi, 16 Januari
Nimekwenda Bustan peke yangu. Nikafika getini. Viatu vingi barazani, sauti za watu ndani. Nimerudi na teksi ile ile. Salma sijamwambia. Jumamosi tunaondoka.

Ijumaa, 17 Januari
Tumekwenda baada ya sala. Salma kanishika mkono kama mtoto wa chekechea. Asha katufungulia.
Shangazi kawa mdogo wa umbo. Kamkumbatia Salma. Mimi kanipa mkono tu, nikaubusu. Nikampa pole ya mumewe, nikaanza kueleza kwa nini nimechelewa. Nikalia, na mvi zangu zote.
"Watu wote walipiga, Saidi," kasema. "Mimi nlikuwa nnaisubiri yako."
Basi. Chakula kizima kazungumza na Salma. Hakusema kanisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza.
Baada ya kahawa, Asha katuonyesha chumba cha nyuma. Shuka mpya, taulo mbili, udi umeshafukizwa. Mama yake kakitandika tangu Jumanne, kwa mikono yake.
Tumerudi hotelini kufunga mabegi, tuhamie kwake. Salma hajanitania hata kidogo. Tunao usiku mmoja.