Televisheni ya Masanja

Jumapili, Ibadakuli

Eti Masanja! Leo akina mama wa jumuiya walipoisifu televisheni yetu, Mama akajibu, "Hii kaniletea mwanangu Masanja, yule wa Geita."

Huyo mdogo wangu alileta mashine ya gemu tu ya kuchomeka kwenye televisheni, tena kuukuu. Mimi ndiye niliyefufua kompyuta ya zamani chumbani, nikaiunganisha na antena, nikahangaika wiki mbili hadi matangazo ya moja kwa moja yakafika kwenye hiyo mashine kwa wifi. Nilimimina chai tu. Niliona wivu.

Mara picha ya televisheni ikaganda katikati ya wimbo wa kwaya. Nakiri, nilifurahi.

Mama akampigia Masanja palepale, simu ikiwa kwenye spika.

"Mama, mimi hayo siyajui. Ni kazi ya dada Kabula, muulize yeye."

Wote wakanigeukia. Nikaenda chumbani, nikaizima kompyuta na kuiwasha upya. Kwaya ikarudi.

"Mnaona?" Mama akawaambia wageni. "Hata akiwa mbali, Masanja anatusaidia."

Na siwezi hata kumchukia. Katika nyumba hii, ni yeye peke yake aliyesema ukweli.