Zima Moteri

Ijumaa, 3 Oktoba
Zamu ya asubuhi, nyumba ya wazee, Seven Hills. Mzee wa chumba cha mwisho amenimwagia chai tena. Nimebadilisha shuka. Mgongo unauma.

Debra tunayefanya naye kazi anaingia mashindano ya kuvua trauti, samaki wa maji baridi, kesho, ziwani kule milimani. Mumewe anaumwa, na boti inataka watu wawili. Amenifuata mpaka stoo ya shuka. Wewe umekulia ziwani, akasema. Kweli, mjini Baraka, kando ya Tanganyika, lakini kwetu wanaume ndio wanaopanda mitumbwi. Sisi wanawake tunaanika dagaa. Nikasema yes kabla akili haijafika. Mdomo wangu huu.

Mama nimemwambia nina ovataimu. Mama hataki kusikia neno ziwa. Samaki hali tangu tulipovuka Tanganyika kukimbia vita, na mdogo wangu Amani akaanguka majini. Alikuwa na miaka tisa. Mwili haukupatikana. Mama anasema samaki wamemla mwanawe. Na matanga amekataa, maana matanga ni ya mtu aliyezikwa. Kwa hiyo nyumba hii haijawahi kumlilia Amani ikamaliza. Mpaka huku ughaibuni, St Marys, tumekuja naye.

Jumamosi, 4 Oktoba
Baridi ya kukata masikio. Boti nyingi, watu wanacheka, kahawa kwenye chupa. Nilikuwa sawa.

Kisha Debra akateremsha kamba mbili nyuma, akapunguza moteri. Ndivyo wanavyovua trauti. Boti inakwenda polepole sana, chambo kinaburutwa nyuma, unakaa unangoja.

Sauti ile. Hakuna aliyeniambia kuhusu sauti. Usiku ule tukivuka, mwenye boti alipunguza moteri hivihivi, askari wasitusikie. Mlio uleule wa chini, wa kukohoa. Harufu ileile ya mafuta. Nikageuka kuhesabu vichwa nyuma yangu. Kuna cha Debra tu. Nikageuka tena. Asubuhi nzima shingo haikutulia. Kila nilipotazama mbele nilijua kuna mtu mwingine ameketi nyuma.

Ndipo fimbo yangu ya kuvulia ikapinda. Kitu kizito. Hakikupigana, kilivuta tu, kama mtu anayekushika mkono. Nikapiga kelele, zima moteri, zima, mtoto yuko majini. Kiswahili kitupu, na Debra hajui hata neno moja.

Akazima.

Kimya. Kamba ikalegea, samaki akaenda zake. Debra anasema pengine ndiye angetupa ushindi. Hakukasirika. Alinipa kitambaa, akakaa nami bila kuwasha, boti za wengine zikitupita. Nimelia mpaka nimeona haya.

Jumapili, 5 Oktoba
Mama amenusa jaketi langu kabla ya kanisa. Utamdanganyaje mwanamke aliyeanika dagaa ujana wake wote? Nimemwambia yote. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kanisani hakwenda. Binti yangu Neema akauliza, kwa Kiingereza chake, Koko, bibi yake, ana nini. Nikamwambia ale.

Nina hasira. Na Mama, na Debra na boti yake, na mimi mwenyewe.

Jumanne, 7 Oktoba
Bado hasemi nami. Anapika, ananiwekea sahani, anaingia chumbani. Usingizi umeniharibikia. Friji ikianza kunguruma nashtuka, nageuka kutazama nyuma. Jana nimeichomoa. Leo maziwa yamechacha.

Alhamisi, 9 Oktoba
Mama amezungumza. Nilikuwa navua viatu mlangoni.

Yule mzungu alizima kweli?

Alizima, Mama.

Kwa kupigiwa kelele tu?

Ndiyo.

Akakaa chini, palepale kwenye viatu. Akaniambia kwamba usiku ule naye alipiga kelele vilevile, zima, mtoto yuko majini. Watu wakamziba mdomo kwa kitenge. Moteri ikaendelea. Hilo sikulijua. Mimi nilikuwa mbele, nilisikia sauti yake ikikatika, nikadhani amezimia. Miaka yote hii nimedhani amezimia.

Akasema nimpeleke kule ziwani.

Jumapili, 12 Oktoba
Debra ametupeleka. Mama kavaa kitenge cha kanisani, na juu yake jaketi la kuokolea. Ameng'ang'ania ukingo wa boti kwa mikono miwili, midomo inacheza. Mashindano yalikwisha wiki iliyopita. Ziwa ni letu na bata tu.

Niliogopa sana. Nilidhani atasimama ajirushe. Nilimshika nguo kwa nyuma, kama mtoto.

Tulipofika katikati akasema, zima. Nikafungua mdomo kutafsiri, kumbe Debra ameshazima. Neno hilo analijua sasa.

Mama akaita, Amani. Mara moja tu, kwa sauti ile ya kumwita mtoto aje kula. Akangoja. Tukangoja wote. Maji yanagonga bati la boti, basi. Mama akalia, na hakuna aliyemziba mdomo. Alipomaliza akajipangusa, akasema twendeni.

Ndani ya gari alilala. Mimi sikugeuka nyuma.

Tulipofika nyumbani akampigia simu Mjomba, kaka yake, kule Campbelltown. Matanga ya Amani ni Jumamosi, awaambie watu. Sasa yuko jikoni, ananiuliza hapa samaki wanauzwa wapi.