Kitabu cha Kijani cha Profesa Okwara

Umetimia mwaka, Baba, tangu utuache, siku tatu tu baada ya kutoka Burumba na kupeleka ripoti yako ya mwisho Nairobi. Kiti chako hapa nyumbani Khunyangu hakuna anayethubutu kukikalia, hata binti yako Brendah ambaye hana adabu ya viti.

Chuo kilikuita Profesa Willis Okwara, mtaalamu wa uchumi na pengo kati ya walio nacho na wasio nacho. Sisi tulikujua kwa omena, wale dagaa wa ziwani, chai isiyo na sukari na ubishi. Ulisema uchumi uko ndani ya sufuria. Mtu afunue kwanza, ndipo aandike sera.

Ndiyo maana kila Machi, miaka kumi na tisa, ulikaa juu ya kreti ya soda sokoni Burumba ukiwauliza wanawake ishirini wale wale maswali yale yale. Mnakula mara ngapi kwa siku? Nani ameacha shule? Mmoja akifa, binti yake alijibu badala yake ili utafiti usikatike. Uliandika kwenye kitabu cha kijani, ukapeleka ripoti Nairobi, ukawaahidi kwamba siku moja wakubwa watasoma. Uliamini hivyo kweli. Tulikucheka, Mungu atusamehe.

Jumamosi iliyopita wale wanawake walikuja wote kwenye sala ya kumbukumbu yako. Chakula kikaisha, hawaondoki. Wamejipanga kwenye mabenchi, wanamtazama Mama.

"Mama Profesa, si uulize?" akasema Benta, yule muuza samaki. "Hii ni Machi. Yeye hakuwa anatuchelewesha."

Mama hajasomea uchumi. Alileta kitabu, akauliza lile swali la kwanza.

"Andika tu ile ya mwaka jana," Benta akamjibu. "Hakuna kitu imebadilika."

Wengine wakasema hivyo hivyo. Mama aliandika yote mpaka ukurasa wa mwisho.

"Sasa watasoma lini?" Benta akauliza.

Baba, tulizifuata ripoti zako Nairobi. Tulizikuta kabatini ofisini kwa wakubwa, zote kumi na tisa, zingali zimefungwa kwa ile kamba yako ya katani. Mama anajua.

"Hivi karibuni," akamjibu Benta. Wakashukuru, wakaenda zao. Mama ambaye hukuwahi kumsikia akidanganya.

Tunaokulilia: mkeo Selpha, wanao Quinton, Vivianne na Brendah, dada yako Adoyo wa Malaba, na wanawake ishirini wa Burumba, ambao Machi ijayo watakuja tena.

Hatutakusahau, Baba, siku zote tutakazojaliwa.