Umetumwa na Nani?

Chebet mjukuu wangu,

Huku Kabazi tumeamka salama. Goti la nyanya yako limepata nafuu, na viazi tumeshavuna. Unauliza kama ni vibaya kuwaandikia wale wa chuo cha utabibu, maana wenzako wameitwa kwa mahojiano na wewe hujasikia neno.

Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, nilikuwa karani kijana kwenye kiwanda cha mbao Elburgon. Mwenzangu na mimi tuliomba mafunzo ya utabibu Nakuru. Yeye akaitwa. Mimi sikujua kama nimekataliwa au nimesahauliwa. Nikapata pasi ya kusafiri, nikaenda, nikasimama kwenye dirisha la ofisi yao.

"Umetumwa na nani?" karani wa pale akauliza. Siku hizo karani Mwafrika hakwenda ofisi ya watu bila kutumwa na bwana wake.

"Sijatumwa."

"Sasa nimwambie mzungu nani amekuja?"

"Mwambie ni mtu anayeuliza kama bado anahitajika."

"Ndugu, utanifukuzisha kazi!" Lakini akaingia. Alirudi amechanganyikiwa kuliko mimi. "Amesema uje Jumatatu na wengine. Hakusema kwa nini."

Nilienda, nikafunzwa, nikafanya kazi ya utabibu hadi kustaafu, na sababu ya kutoitwa siijui mpaka leo.

Waandikie, mama. Taja jina lako na ulichoomba, uulize kama bado wanakufikiria. Wakisema hapana, utalia kidogo, kisha utaomba kwingine. Lakini kungoja bila kujua hakuna mwisho.

Babu yako anayekuombea