Udongo wa Chini ya Samadi

Mjukuu wangu Tumaini,

Kamwene. Bibi yako hajambo, goti tu linamsumbua kwa baridi hii. Mama yako yuko Kifanya kuvuna viazi.

Umeniuliza kama utie sahihi ripoti anayoiharakisha mkubwa wako. Nilipokuwa karani kijana wa kiwanda cha nguzo hapa Makambako, dawa ya kutibu nguzo za umeme zisioze ilimwagika ikaingia shamba la Mama Neema. Wataalamu walichanganya udongo na samadi ili vijidudu viile sumu ile. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila sampuli imechimbwa kina gani. Siku ya mwisho ardhi ilikuwa ngumu, tukachota juu tu. Msimamizi akaniambia niandike mita moja. Nilimwogopa, nikaandika.

Mama Neema alikuwa na mbegu za maharage tayari.

“Karani, pamepona?”

“Wanasema pamepona, mama.”

“Sijawauliza wao. Wewe umenusa?”

Akanipa jembe lake. Nilipofika chini ya samadi, harufu ya dawa ikanipanda puani. Nilikata nilichoandika, nikaandika “juu tu”. Msimamizi hakunisemesha mwezi mzima.

Mwaka ule Mama Neema hakupanda, na wanawe walikula kwa majirani. Hakunilaumu. Msimu uliofuata aliniita tuchimbe tena. Alitoa donge la chini kabisa, akaninyooshea ninuse kwanza mimi, kisha akanitazama usoni akingoja neno langu.

Kabla ya sahihi, mjukuu wangu, nenda kachimbe.

Babu yako